Slaidi Haitoki Nyumba Hii

Mama Picha hakuwahi kusema kwamba picha imeharibika. Alisema imekataa. Kama ngozi ilitoka kijani, au mwanga uliingia pasipotakiwa ukafuta nusu ya uso, aliinua kile kipande cha filamu mbele ya dirisha, akakitazama kwa jicho la kushoto ambalo ndilo lililokuwa zima, kisha akamwambia mwanamke aliyemo, kama dada kwa dada, "Samahani, abaayo. Leo umekataa." Halafu alichukua mkasi, akaikata ile sura vipande vidogo sana, akavichoma kwenye chetezo. Chumba kikanuka ubani na plastiki kwa pamoja. Mpaka leo nikisikia harufu ya ubani peke yake, naona kama kuna kitu kimepungua.

Nimeanza hapo kwa sababu ndipo pekee ninapoweza kuanza bila kufuta. Nimefuta mianzo mingi. Mimi ni mtu wa kufuta. Ujumbe wa kumuuliza fundi atakuja saa ngapi nauandika mara nne. Lakini Mama Picha amefariki, nami nimesubiri arobaini ipite, na sasa sina kisingizio. Kuna jambo nililomfanyia. Alikuwa amenipa kazi ya kutunza siri za wanawake wengi, alikuwa karibu kunikabidhi zote, nami nilikuwa nimekwisha kuvunja moja bila yeye kujua. Nikimweleza alivyokuwa na nikaliacha hilo, nitakuwa nimechora mtu mwingine.

Watu wa Garissa walimwita Mama Picha. Mimi nilimwita Eeddo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na damu moja. Yeye aliniita hooyo, mama, jinsi wanawake wa Kisomali wanavyowaita watoto wanaowapenda. Tulizungumza Kiswahili. Nyumbani kwetu ndiyo lugha, kwa kuwa baba ni wa jamii ya wakulima wa mtoni na mama ni Msomali, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Kiswahili cha Eeddo kilikuwa cha sokoni, alichokiokota kwa wafanyabiashara wa mifugo. Kwake picha ilikuwa bicha, na ngeli zote zilikuwa moja. Mimi ninayesahihisha hata mabango ya barabarani sikuwahi kumsahihisha.

Lazima nieleze kazi yake, maana watu wa mbali huniuliza kwa nini mtu ahangaike hivyo wakati kila mtu ana simu. Harusi ya kwetu ina nyumba mbili. Kwenye nyumba ya wanawake shela zinavuliwa. Nywele zinaachiwa, wanawake wanavaa diraac, lile gauni jepesi linaloonyesha cha ndani, wanacheza, wanatukanana kwa mashairi, wanalia. Hakuna mwanamume anayeingia. Siku hizi simu hukusanywa mlangoni kwenye beseni, na kando ya beseni huketishwa mama mmoja mkali ambaye hata waziri hawezi kumbembeleza. Kamera iliyoruhusiwa kupita beseni ilikuwa moja tu, ya Mama Picha, kwa sababu ilikuwa ya filamu. Filamu haitumwi kwa mtu.

Lakini filamu lazima isafishwe, na maduka yote ya kusafisha picha yalikuwa ya wanaume. Basi akajifunza kusafisha mwenyewe. Picha ya karatasi nayo ina miguu. Inadondoka kutoka kwenye sanduku, inaokotwa na shemeji, inapigwa na upepo mpaka kwa jirani. Kwa hiyo hakutoa karatasi. Kila harusi aliipiga kwa filamu ya rangi ya kawaida, akapata negativu, na kutoka negativu akatengeneza slaidi, kipande kidogo kama stempu, chenye rangi zake za kweli, kilichofungwa kwenye fremu ya kadibodi. Nakala moja tu. Wanawake waliotaka kujiona walikuja nyumbani kwake alasiri. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na projekta aliyoipata kutoka kwa shirika moja la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, lililokuwa likifundishia watu kunawa mikono, ikaanza kunguruma. Wakishajiona, waliinuka wakaenda zao. Slaidi na negativu vilibaki kwenye mikebe ya biskuti iliyoandikwa majina ya wenyewe. Sheria ilikuwa moja, na aliisema kama mtu anayetaja jina lake: "Slaidi haitoki nyumba hii. Na mwanamume haiingii."

Nilimwendea nikiwa na miaka kumi na tisa, na kamera kuukuu niliyoinunua kwa mtu wa mitumba. Nilikuwa nimejifunza kwa video za simu na kwa kukosea. Nilijua majina ya kila kitu na sikuwa nimefanikiwa katika chochote. Aliniangalia, akatoa kipande cha negativu, akakiinua kwenye mwanga.

"Gauni iko rangi gani?"

Negativu ya rangi, kwa asiyeijua, ni kitu cha kutisha kidogo. Yote imezama katika rangi ya chungwa, weusi umekuwa weupe, nyekundu imekuwa kama maji ya bahari.

"Kijani," nikasema.

"Nyekundu. Huyu hapa nyuma, analia ama anacheka?"

Nilitazama mpaka macho yakauma. Nikasema anacheka.

"Mtu akicheka, kwa negativu meno inakuwa nyeusi. Hapa unaona nyeusi? Mdomo imefungwa. Huyu ni mama yake bibi harusi. Alikuwa analia tangu asubuhi." Akairudisha kwenye mkebe. "Unajua mengi, hooyo. Lakini hujui kuangalia. Kuja kesho saa nane."

Nilidhani saa nane ni saa yake ya nafasi. Haikuwa hivyo. Dawa ya kusafishia filamu ya rangi inataka joto la mwili wa mtu mwenye homa kidogo, si zaidi si pungufu, na mimi nyumbani nilikuwa nikihangaika na sufuria na kipimajoto, nikipasha na kupooza kama anayemwogesha mtoto mchanga. Yeye alifungua bomba la tangi lililokuwa juu ya paa. Saa nane mchana, miezi ya jua, maji ya Garissa yalitoka bombani yakiwa na joto lile lile linalotakiwa. Alitia kiwiko, akaitikia kwa kichwa, basi. Miezi ya baridi hakusafisha filamu. Wanawake walioolewa mwezi wa saba walisubiri mpaka wa tisa wajione, na hakuna aliyelalamika. Walisema harusi ya mwezi wa saba inadumu zaidi, kwa kuwa inakuja mara mbili.

Kuhusu slaidi yenyewe nitasema machache, maana ndiyo kazi iliyonifunga kwake. Alikuwa na mkebe wa filamu ile inayotumika kutolea nakala za sinema, ambao aliutunza kwenye friji kati ya maziwa ya ngamia na nyanya. Filamu hiyo ni mvivu wa kuona, inavumilia taa hafifu sana ya kahawia. Aliilaza, akalaza negativu juu yake, uso kwa uso, akaikandamiza kwa kioo, akawasha taa juu kwa pumzi mbili. Kati ya taa na kioo aliweka vichujio vya rangi, vya manjano na vya waridi. Hapo ndipo kwenye ugumu. Nilidhani, kama mtu yeyote mwenye akili, kwamba slaidi ikitoka na umanjano unapunguza manjano. Niliharibu filamu nyingi kwa akili hiyo. Aliniacha niharibu, kisha akasema, "Ikitoka njano, ongeza njano."

"Eeddo, itazidi."

"Ongeza."

Niliongeza, ikapona. Negativu inageuza kila unachoipa. Alisema ni kama mama mkwe: ukitaka akupe kidogo, mwombe sana.

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo na mingi haikuwa ya hekima. "Vumbi haina haya." "Bicha ya mtu mnene inataka subira." Nikiomba kurudia slaidi kwa mara ya tano kwa sababu kivuli cha shingo kina ukijani kidogo, alisema, "Imetosha si mbaya." Huo nilikuwa nauchukia. Kwangu imetosha ilikuwa jina lingine la kushindwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiuona ule ukijani kwenye mikono ya mama yangu, kwenye sahani, kwenye ukuta.

Wanawake wenyewe hawakujali ukijani. Alasiri za maonyesho walijazana sakafuni, birika la chai ya hiliki likizunguka, na kila slaidi ilipotokea ukutani kelele zilianza.

"Huyu ni nani na meno hizo zote?"

"Ni mimi, laana ikupate."

"Wallahi sikukujua. Siku hizo ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula kwa baba. Sasa nakula kwa ndugu yako."

Mama Picha alikaa nyuma ya projekta na rimoti yake yenye waya, haongei, anacheka kwa mabega. Mzaha ukiwa mchafu alifunika uso kwa ncha ya shela, lakini hakupeleka slaidi mbele mpaka mzaha uishe. Mara nyingine picha ilimtoa mtu aliyefariki. Kelele zilikatika. Hakuuliza. Aliiacha ukutani muda mrefu, joto la taa likaikunja ile filamu kidogo, uso ukaingia ukungu, kisha aliipeleka mbele taratibu, kama mtu anayemwinua mgonjwa.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Mtu aliyeishi nusu ya maisha yake gizani alilala na tochi inayowaka. Alidharau simu na alikuwa nazo mbili. Alipuliza vumbi kwenye negativu kana kwamba ni jicho la mtoto, lakini jikoni kwake hukuweza kuweka kikombe bila kusogeza kitu. Alipiga picha za mamia ya wanawake na hakuna picha yake hata moja, isipokuwa ile ya kitambulisho ambayo nayo aliikunja ikavunjika puani. Nilipomuuliza akasema, "Nani atanitunzia?"

Alikuwa pia mkaidi, na ukaidi wake ulichekesha ukiwa haukuhusu. Bwana mmoja wa ofisi alitumwa kutafuta picha za utamaduni kwa ajili ya maonyesho, akaambiwa hazina iko kwa Mama Picha. Alikuja na barua yenye mhuri. Eeddo aliisoma barua, akasema karibu kesho, na kesho yake akabeba projekta mpaka ofisini kwa bwana huyo, kwa tuk-tuk, kwa kuwa nyumbani hawezi kuingia. Alimfungia mapazia akamwonyesha slaidi themanini za ngamia. Alizipiga kwenye soko la mifugo alipokuwa anajaribu filamu. Kila ngamia alimtaja rangi, umri, na mmiliki. Bwana yule alivumilia mpaka ngamia wa arobaini hivi. "Mama," akasema, "hakuna watu?" Eeddo akafikiri. "Iko moja," akasema, akapeleka mbele. Alikuwa ngamia mwingine, na kando yake mkono wa mchungaji.

Nilicheka hadithi hiyo kwa miaka. Sasa nikiikumbuka naona jinsi alivyokuwa hafunguki. Mtu akishaamua kwamba mlango unalinda, hauoni tena kama mlango.

Nifike kwenye langu.

Kulikuwa na slaidi moja ambayo kila kundi la wanawake liliiomba. Ni ya harusi iliyofanyika kabla sijazaliwa. Bibi harusi amegeuka kutoka kwa msusi, nywele nusu zimesukwa nusu ziko wazi mpaka kiunoni, mkono umeinuka, hina imepanda hadi kiwiko, na anacheka kitu kilicho nje ya picha. Iliombwa sana hivi kwamba taa ya projekta iliikausha rangi. Eeddo aliamua kutengeneza nyingine kutoka negativu ile ile, na kwa kuwa jicho lake la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kazi ya rangi alinipa mimi.

Negativu ilikuwa imezeeka vibaya. Nikisahihisha ngozi, hina ilitoka kama matope. Nikisahihisha hina, vivuli vikawa vya kijani. Nilijaribu siku tano. Eeddo alisema imetosha. Nikasema bado.

Simu haikuruhusiwa chumba cha kusafishia picha, ila alikuwa amenipa ruhusa ya kuingia nayo ili nihesabu dakika za dawa. Siku ya sita alasiri alikwenda kuswali chumba cha pili. Nilikuwa mwanachama wa kundi moja la simu la watu wanaopiga picha kwa filamu, wa miji mingi, ambao sijawahi kuonana nao. Niliinua ile negativu dirishani, nikaipiga picha, nikaituma. Nikauliza: manjano kiasi gani, waridi kiasi gani?

Nilijiambia kwamba negativu si picha. Nilijiambia hakuna anayeweza kumtambua mtu mwenye uso wa buluu na meno meusi. Nilikuwa najua fika kwamba mwanamke anayeswali nyuma ya ukuta ule alitambua watu kwenye negativu kila siku. Nilijua pia, kwa kuwa mimi ndiye ninayejisifu kujua vyombo, kwamba simu inaweza kugeuza rangi kwa kugusa mara mbili.

Kabla Eeddo hajatoa salamu ya mwisho jibu lilikuwa limefika. Mwanamume mmoja alikuwa ameigeuza na kuisahihisha. Bibi harusi alikuwemo mzima mzima, nywele, shingo, mabega, kicheko. "Hivi ndivyo ulivyotaka?" Chini yake mwingine akaandika, "Mashallah, wa wapi huyu?"

Nitasema kweli. Kitu cha kwanza nilichofanya si kushtuka. Nilitazama hina. Ilikuwa sahihi kabisa, nyekundu yenye uweusi kwenye ncha za vidole, rangi niliyoitafuta siku sita. Nilifurahi. Kisha ndipo nikasoma tena yale maneno ya chini. Nilifuta nilichotuma, nikamwomba yule mtu afute, akafuta, nikatoka kundini. Kilifutwa kwenye simu za wangapi, sijui.

Nilitumia vipimo alivyoviandika yule mtu. Hilo nalo nalisema. Slaidi ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Eeddo aliisogeza karibu na jicho lake, akasema, "Hii wewe umenishinda."

Nilinyamaza miezi saba. Nilianza kumkwepa. Nilisema nina mitihani, nina homa. Wakati huo huo mji ulikuwa unamwombea dua, maana macho yalikuwa yanazidi kufifia. Nilikaa nikisubiri siku ambayo mtu angeniambia kwamba ameona picha fulani mahali fulani. Haikuja. Nilipaswa kupumua lakini sikuweza, kwa sababu kutosikia si kutokuwepo.

Mwishoni aliniita kwa simu yake mojawapo. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mikebe yote imeshushwa na kupangwa kumzunguka, na majirani wawili, wanawake wazee, wameketi kando kama mashahidi. Macho yalikuwa yamefikia kiwango cha kuona mwanga na vivuli tu.

"Hooyo, kaa. Hawa nimewaita wasikie. Hii amana mimi siwezi tena. Nani ni nani siwezi kuona. Nataka uchukue wewe. Wasichana wengine wanajua kamera. Wewe unaogopa. Mtu mwenye kuogopa ndiye anatunza."

Mmoja wa wale wazee akasema alhamdulillahi. Niliona mikebe ile, majina yaliyoandikwa kwa kalamu nene, na nikajua kwamba nikisema ndiyo sitasema tena kitu kingine maisha yangu yote. Nikamwomba wale mama watupishe. Walipotoka nikamwambia. Nilimwambia yote, hata hina, hata kwamba nilifurahi.

Alisogeza mkebe uliokuwa mbele ya magoti yake. Kisha akauliza, "Mkebe ya nani?"

Nikamtajia.

"Ulitoa hapa? Kwa hii nyumba?"

"Hapa dirishani, Eeddo. Ulikuwa unaswali."

"Nilikuwa naswali," akarudia. Nilipoanza kuomba msamaha alininyamazisha kwa mkono. "Mimi sina cha kukusamehe. Uso ni yake, nywele ni yake. Hiyo ni haki ya mtu, na mtu mwenyewe iko hai. Nipe simu."

Bibi harusi yule alikuwa anaishi Sangailu. Alifika siku ya tatu, amepanda gari la mifugo, mwanamke mrefu wa makamo, viatu vina vumbi, na chupa ya samli mkononi kwa ajili ya mwenyeji wake. Sikumtambua mpaka alipogeuza shingo kuangalia pa kuketi. Aliuliza hali ya macho, akaulizwa mvua, ng'ombe, watoto. Alisema mumewe alifariki wakati wa ukame, wakampa pole upya. Chai ililetwa. Kisha Eeddo akasema, "Sema, hooyo."

Nikasema. Nilikuwa nimeandika maneno na kuyakariri, yakanitoka yote vibaya.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni wanaume?"

"Wengi wao, ndiyo."

"Wangapi?"

"Sijui. Nilifuta baada ya dakika chache."

"Nywele zilionekana?"

"Zilionekana, mama. Nisamehe."

Aliweka kikombe chini. Hakunitazama mimi. Alimtazama Eeddo, ambaye alikuwa ameelekeza uso pembeni kidogo ya alipoketi mgeni wake.

"Bwana yangu aliomba kuona hii picha," akasema. "Unakumbuka, Eeddo? Nilikuja hapa mara mbili kukuomba. Yeye aliniona jioni, nimefunikwa, nimechoka, nimelia, rangi yote imeshuka. Wanawake wakamwambia, wewe hukumwona mkeo, sisi ndio tulimwona. Ikamkaa. Nikakuomba uniazime siku moja."

"Nilisema slaidi haitoki nyumba hii," akasema Eeddo.

"Ulisema. Nami nikasema ni sawa, sheria ni sheria. Basi nikawa namwelezea kwa mdomo. Nywele zilikuwa hivi, hina ilikuwa hivi. Kila mara anasema, nieleze tena. Ameingia kaburini na maelezo yangu tu." Akasogeza kikombe pembeni. "Nauliza kitu moja. Angeweza kuona bila hiyo mashine?"

"Angeinua kwa jua," akasema Eeddo. "Ingetosha."

"Kwa jua."

"Ndiyo."

"Na hao watu wa simu wameona."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Eeddo aliinua mikono yake, akaipapasa hewa mpaka ikakuta magoti ya yule mwanamke, ikabaki hapo.

"Huyu mtoto amekukosea siku moja," akasema. "Mimi nimekukosea miaka yote ya ndoa yako. Yeye aombe ya kwake. Mimi naomba ya kwangu."

Mwanamke yule alitazama ile mikono kwa muda, mikono iliyobabuliwa na dawa, kucha za rangi ya chai. Hakuiondoa. Hakuishika.

"Nimewasikia wote wawili," akasema. "Neno langu nitalituma."

Nilimletea mkebe wake. Nilitoa negativu na slaidi, ile ya zamani iliyofifia na ile niliyotengeneza mimi, nikampa. Hakuinua yoyote kwenye mwanga. Alizifunga zote kwenye ncha ya shela yake, fundo mara mbili, akamuaga Eeddo kwa salamu kamili, nami akaniinamishia kichwa tu. Mpaka leo hajatuma neno. Eeddo amekufa bila kulipata, na mimi bado nalisubiri.

Alipoondoka nilianza kurudisha mikebe kwenye rafu, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Eeddo alisikia bati likigonga bati.

"Acha chini," akasema. "Soma majina."

Nilichukua mkebe wa kwanza. Nikasoma jina. Aliinamisha kichwa, akafikiri.

"Huyo mjane. Weka kando, yake tutampelekea baadaye. Soma ingine." Nikasoma. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kama anayenihimiza. "Haraka, hooyo. Tafuta kwanza wale bwana yao iko hai."